Gari Kubwa, Mafuta Kiduchu: Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Taratibu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Taratibu atakabidhi funguo za gari la mkurugenzi na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya rangi kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, na watu wa ofisi ya utumishi wanalijua. Sisi wengine tukilisikia tunageuka kutazama ni mgeni gani anaitwa.

Alianza kazi akipakia makopo ya rangi kwenye lori. Baada ya miaka miwili akapewa usukani wa lori lenyewe, na hapo ndipo jina lilipomkaa. Siku moja walitumwa madereva wawili kupeleka rangi nyeupe kwenye hospitali mpya, na barabara ilikuwa imechimbika vibaya. Mwenzake alitangulia, akafika na lori jeupe ndani na nje. Mzee wetu alichelewa saa nzima, msimamizi wa ghala akamfokea mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Makopo mia nne yalipohesabiwa, hakuna hata kifuniko kimoja kilichofunguka. Alipoulizwa alikuwa wapi muda wote huo, alijibu kwamba alikuwa njiani, taratibu. Basi, kwaheri jina la kuzaliwa.

Kutoka kwenye lori alikwenda kwenye pikapu, kisha basi la wafanyakazi. Miaka kumi iliyopita kampuni ikanunua gari la mkurugenzi. Lilikuwa la kifahari, si yale marefu ya wakuu wa nchi wala si kale kadogo ka kuendea sokoni; la katikati, jeusi, injini ya silinda sita, viti vya ngozi rangi ya kahawa. Lilipendeza, lakini wee! Bei ya kila kipuri chake ilikuwa ya kuambiwa mtu akiwa ameketi. Tairi lake moja lilinunua manne ya pikapu, na kitabu cha watengenezaji kilikiri chenyewe kwamba kwa safari za mjini lita moja isingevuka kilomita tisa. Wajumbe wa bodi walinung'unika kwamba tumenunua ng'ombe anayekula bila kukamuliwa.

Mzee Taratibu akalipokea, akaanza mambo yake. Kwanza aliteremsha mizigo ya kwenye buti: maboksi ya kalenda za zamani, sampuli za rangi, na jozi tatu za viatu vya mkurugenzi ambazo mkurugenzi mwenyewe alishazitafuta nyumbani mpaka akamsingizia shemeji yake. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kabla matairi hayajapata moto, alipima upepo. Mkurugenzi akiingia mkutanoni, injini inazimwa hapo hapo, na mzee anabaki ndani madirisha wazi, anajipepea na gazeti. Taa nyekundu aliiona ikiwa bado mbali, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari litambae lenyewe. Kwa kuwa mwendo wa namna hiyo unataka muda, alimwomba mkurugenzi wawe wanatoka dakika kumi mapema. Mkurugenzi alilalamika wiki mbili. Wiki ya tatu akagundua kwamba anawahi mikutano kwa mara ya kwanza maishani mwake, na tangu hapo ametuhubiria sisi wote habari ya kuwahi. Mwisho wa miezi mitatu, daftari la safari lilionyesha kilomita kumi na mbili na nusu kwa lita.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Mimi ni mkaguzi wa ndani wa kampuni hii, na kushuku ndiyo kazi inayonilisha. Dereva anayefyonza mafuta huongeza kilomita daftarini ili mambo yalingane. Huyu, niliwaza, ametia chumvi mpaka chakula hakiliki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nikaona ya bwana huyu ni ndefu kupita kiasi. Nikaandika ripoti, nikapiga mistari ya wino mwekundu panapohitajika na pasipohitajika. Barua ya kumfukuza kazi ikachapwa, ikabaki kutiwa saini tu. Binti yake wa mwisho alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na mkewe ndiyo kwanza ametoka kufanyiwa upasuaji. Nililijua hilo, na bado niliandika.

Alipoitwa hakugomba. Aliomba jambo moja tu: asihukumiwe kwa karatasi peke yake, mkaguzi apande gari aone kwa macho. Mkurugenzi akatupa siku tatu.

Tulijaza tangi hadi shingoni, nikabandika kwenye kifuniko karatasi yenye saini yangu. Nikalinganisha kilomita za mita ya gari na zile za kwenye nguzo za barabarani, zikaoana. Kisha nikakaa kiti cha nyuma na kalamu mbili, macho kodo. Sasa nisikilizeni, ndugu zangu, maana hili halimo kwenye ripoti. Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, kwa mwendo ule usio na mtikisiko, mkaguzi wenu alilala fofofo. Nilipozinduka saa nzima ilikuwa imepita. Gari limeegeshwa kivulini, injini kimya, na mzee amesimama nje anamsihi kwa mikono mwenye gari lingine aache kupiga honi. Shavuni nilikuwa na alama ya mshono wa kiti. Hakucheka. Alisema tu kwamba kama ningependa, tungeirudia njia ile tangu mwanzo, kwa sababu si vizuri kazi yangu iwe na pengo. Jamani! Mtu ambaye barua yake ya kufukuzwa imo mkobani mwangu, anahangaika nisije nikaaibika!

Tukairudia. Siku ya tatu jioni karatasi ya kwenye kifuniko ilikuwa kama nilivyoibandika, na tulipojaza tangi tena jibu likawa karibu kilomita kumi na tatu kwa lita. Kumbe daftarini alikuwa akijipunguzia kidogo, asije akaonekana anajisifu. Kwa ujuaji wangu, siku ya nne nikashika usukani mwenyewe, njia zile zile. Nikapata kilomita nane, na mlinzi wa langoni akaja mbio kuuliza tumebeba mgonjwa gani.

Baada ya hapo bodi ilimpa madereva wenzake kumi na wanne awafundishe, na kwa mwaka mmoja matumizi ya mafuta ya kampuni nzima yakashuka kwa karibu robo. Ng'ombe wa bodi ametembea kilomita laki tatu sasa, na bado akipita watu wanageuka. Mkewe anatuambia nyumbani ni yale yale: mzee huzima jiko chai haijachemka, akidai sufuria litamalizia lenyewe. Chai hiyo, anasema, hainyweki.

Barua ile niliichana kwa mikono yangu. Kwenye faili nikaandika kwamba suala limefungwa. Kuomba radhi sikuomba. Kila asubuhi tangu siku ile amenisalimia yeye kwanza, ameniulizia watoto mmoja mmoja, na habari ya usingizi wangu hakuitoa kwa yeyote. Nilijiambia ameshasahau. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Leo basi, mbele ya wafanyakazi wote wanaosoma jarida hili: Mzee wangu, nilikukosea. Nilikuita mwizi kwa sababu ulifanya kazi vizuri kuliko nilivyoamini mtu anaweza kuifanya. Nisamehe sana.

Kampuni inakushukuru kwa kila kilomita. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, wajukuu wasumbufu, na miaka mingi ya kwenda popote upendapo kwa mwendo wako mwenyewe. Siku hiyo ya tarehe thelathini hutapanda basi kwenda nyumbani. Utakaa na mama kwenye viti vya nyuma vya gari ulilolitunza miaka kumi bila kukaa huko hata dakika moja. Mkurugenzi amekubali ombi langu la kuwaendesha. Mlango, baba, nitakufungulia mimi.