Kipimo cha Kochi

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho ndani ya basi, ila masikio aliyaacha wazi. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa amemng'ang'ania abiria mwenzake, fundi makochi aliyejulikana kwa furushi lake la sponji.

"Kochi la watu watatu linakula mita ngapi, fundi?"

"Inategemea. Kama kitambaa kina maua makubwa, ongeza mita moja, yasije yakakatwa vichwa. Umelipima?"

Mama akatoa kamba yenye mafundo, kila kiti na fundo lake. Fundi akaipima kwa shubiri, akakunja uso. "Mbona kiti cha katikati kimezidi wenzake? Kina kitambi?"

"Mwenye kitambi ni baba watoto. Alikuwa amesinzia hapo, kamba nikampitishia juu ya tumbo."

Muuguzi akafumbua jicho moja.

"Si ungemwamsha?"

"Nimwamshe! Kochi la marehemu mama yake lile. Nikitaja tu kitambaa kipya, ananuna wiki nzima."

"Sasa mama, cha zamani lazima nikibandue. Siku nikija na nyundo atakuwa ameinuka, au nimfunike naye humo humo?"

Muuguzi akajisogeza mbele asikose jibu. Basi likasimama. Mama akanyanyuka, akamwachia fundi kamba mapajani, akafika mlangoni ndipo akageuka.

"Namba yako ninayo. Wewe kata kwa kipimo hicho hicho."