Skolastika Kokugonza na Kopo la Mchanga Kwenye Friji

Wengi wakiona mmea kivulini hudhani umetupwa, na kwa huruma huuhamishia juani. Kwa helebori, ua la Ulaya, huruma hiyo ni kifo. Skolastika Kokugonza, mtunza bustani wa hosteli yetu hapa Muleba, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutuzuia tusiwe na huruma hiyo.

Alianza kwa kufyeka nyasi. Baadaye akakabidhiwa bustani nzima, na wageni kutoka Bukoba wakaanza kuomba kulala siku ya pili.

Mbegu za helebori alipewa na mgeni Mjerumani. Haziamki mpaka zipitie baridi kali, nasi baridi hiyo hatuna. Basi akazitia kwenye kopo la mchanga mbichi, akalifunga, akaliweka kwenye friji ya jikoni nyuma ya samaki, sato wa kutoka Kemondo.

Wiki ya tisa, mpishi wetu Judica akaliona. Yowe lake lilifika barabarani. Kopo, mchanga, vitu vyeusi: kila mtu alijua jina la jambo hilo, ingawa hakuna aliyelitamka. Jenifa wa mapokezi hakugusa tena chakula cha jikoni, alikula ndizi za kutoka kwao mwezi mzima. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya hosteli, niliandaa barua ya kumwachisha kazi.

Tulipomwita kumhoji, Skolastika hakujitetea sana. Alimwaga kopo juu ya meza ya kikao, tukaona vichipukizi vyeupe. Barua niliichana, lakini nilimpiga marufuku jikoni mwaka mzima, akawa anakunywa chai nje. Nilimkosea. Na alipotuonya mwenyewe kwamba mmea huo una sumu, tunawe mikono, Judica aliwaambia wenzake kuwa si mnaona, amekiri.

Aliipanda miche chini ya mparachichi, kwenye udongo wa majani yaliyooza. Alikata majani makuukuu tu, mizizi hakuigusa. Mwaka wa tano maua yakatoka, yameinamisha vichwa. Judica alidai ua la heri haliangalii chini. Siku hizi yeye ndiye huwaonyesha wageni, akiliinua kwa kidole kana kwamba alilipanda yeye.

Mama Skolastika, asante kwa subira yako kwetu. Fika Kishanda salama, upumzike, uzee vizuri kati ya wajukuu.

Kwa tunaobaki: tangu jana naona mashimo matatu mapya juani, karibu na geti, yenye ukubwa wa shina la helebori. Sijauliza ni ya nani. Yafukieni leo.