Dada Nyuzi na Ukuta wa Magharibi

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Dada Nyuzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na karani wa posta. Jina hilo halikutokana na cherehani ya mama yake. Alilipata chuoni, kwa kuwa kila mazungumzo yake yaliishia kwenye nyuzi za pembe ya jua.

Alimaliza sekondari mwaka 1990, akapata shahada ya uhandisi wa majengo mwaka 1996. Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na mwalimu wa muziki. Siku hiyo aliwahamisha wageni na viti vyao kabla ya picha, maana alishapiga hesabu kwamba saa kumi jua lingewapiga usoni. Bwana harusi alibeba viti sita.

Kazini alitunga programu ya kompyuta iliyojaribu maelfu ya mipangilio ya madirisha na vibao vya kukinga jua, ikabakiza michache yenye mwanga wa kutosha na joto dogo. Mwaka 2014 aliitumia kubuni ukuta wa magharibi wa jengo jipya la hospitali. Wenye mradi walibadili mawazo mara kumi na moja, na kila mara alianza hesabu upya. Mwishowe waliondoa vibao vyote 312, wakaacha vioo vitupu, eti ndiyo usasa.

"Kompyuta imeulizwa vizuri, ikajibu vizuri," alimwambia mumewe. "Wao wakatia pamba masikioni."

Januari 2023 ugonjwa wa figo ulimzidia, akalazwa ghorofa ya tatu ya jengo lilelile, upande wa magharibi. Kila alasiri jua lilimfuata kitandani.

"Mama, sisi tumeshalizoea," muuguzi alimwambia.

"Mimi sijalizoea. Wala huyu bibi wa kitanda cha pili."

Alipima joto la wodi siku kumi na tisa mfululizo, kisha mumewe akamwandikia barua kwa uongozi, yeye akitaja neno kwa neno. Nafasi ilipopatikana upande wa mashariki, alimwachia yule bibi, akisema yeye angalau anajua wa kumlaumu.

Alifariki tarehe 21 Februari, saa tatu asubuhi. Majibu ya barua yamefika juzi: suala litaangaliwa katika bajeti ijayo.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi, kaka na dada. Barua ya pili ilipelekwa jana, na wote hao wametia sahihi. Mola amlaze mahali pema.