Sauti Ndani ya Dashibodi

Sauti ya mwanamke ilitangulia, nyororo, katika lugha ambayo Gedion hakuwahi kuisikia sokoni Kabati. Kisha gari likatokea, jeusi, refu, madirisha yote wazi, gari lililobeba wakubwa huko Japani enzi zake. Gedion akapanda nyuma, abiria wa kwenda Kitui. Mbele aliketi Mama Kalekye, aliyekuwa akilikagua, maana Jumamosi lilitakiwa kumpeleka binti yake kanisani kuolewa.

“Huyu anasema nini, Nyamai?” Mama akamuuliza dereva.

“Anatukaribisha, mwaitu,” Nyamai akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

“Tangu nipande anakaribisha tu?”

Gedion akachungulia. Kwenye ramani ya skrini ya dashibodi, gari lilikuwa katikati ya bahari. Nje, mbuzi walikuwa wakivuka barabara.

“Si umzime!” Mama akasema.

“Kila kitu kinazimiwa humo kwa skrini, na tangu fundi atoe betri inadai namba ya siri. Hata hewa ya moto imekataa kuzima.”

“Basi binti yangu atafika ameiva! Na mchungaji atadhani huyu ananena kwa lugha. Ibada itasimama tutafute wa kutafsiri.”

“Lakini viti ni vya ngozi, mwaitu. Nani mwingine hapa anavyo?”

Mkono wa Mama ulikuwa ukikipapasa kiti tangu kitambo.

Gari liliposimama Kitui, sauti ikasema tena. Mama Kalekye akaiinamia skrini.

“Sikiza, dada. Jumamosi ukinyamaza mpaka kanisani, nakuahidi sahani yako ya pilau, na nyama juu.”