Sauti ya Jumamosi ya Mama Emérance

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwashauri wakulima, Mama Emérance Kalunga anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025. Sisi wenzake wa Ushirika wa Udongo Mwema, hapa Kalemie, tunafurahi kwa ajili yake na tunasikitika kwa ajili yetu wenyewe.

Alianza kazi kwa baiskeli, akizunguka mashamba ya njia ya Nyunzu na jembe limefungwa nyuma, maana hakuwahi kumshauri mtu kabla ya kulima naye walau mstari mmoja. Ndivyo alivyowashawishi wengi waache kuchoma mabua na majani, wayatandaze yafunike udongo. Leo mahindi ya kule yanamsifu vizuri kuliko sisi.

Simu zilipoingia kazini, ushirika ulianza kuwaandikia wakulima ujumbe wa utabiri: mvua ya kweli inakaribia, au hii ya leo ni ya kupita, msipande bado. Msimu wa kwanza tuliumia. Ujumbe ulitoka Jumanne, kumbe mashambani simu huzimwa kutunza chaji hadi Jumamosi, siku ya soko, zinapochajiwa. Watu walipousoma, mbegu zilikuwa zimeshakauka ardhini. Wengine walitaka kujitoa, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Mama Emérance hakugombana na mtu. Alikwenda sokoni, akaketi kutwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, akasikiliza lawama zote. Papa Zacharie, mkulima anayeheshimiwa sana kule, alimwambia: "Mama, siye tunaamini sauti ya muntu. Maandiko, kila muntu anaweza kutuma." Aliporudi ofisini alikuwa ameshaamua: ujumbe utoke Jumamosi, tena uwe wa sauti yake.

Alikuwa akirekodi stoo, katikati ya magunia ya mbegu, ili kuepuka kelele za pikipiki. Jogoo wa jirani alikataa katakata kunyamaza. Jumamosi moja jogoo hakusikika, wakulima wakapiga simu kuuliza kama Mama ni mzima! Kwa sauti hiyo watu walijifunza kungoja, wakaacha kupoteza mbegu. Baadaye wakaanza kumtumia picha za majani ya mihogo yenye ugonjwa, mashina yakang'olewa kabla shamba zima halijaambukizwa.

Kwa hiyo mwaka huu tulikuwa na hofu moja tu: akiondoka, nani ataaminiwa? Mapema mwezi huu Nadine, mwenzetu aliyefundishwa naye, alirekodi ujumbe wake wa kwanza: mvua hii ni ya kupita, ngojeni. Papa Zacharie akampigia Mama papo hapo kutaka uhakika. Mama akamjibu kwamba yeye sasa ni mkulima tu, naye anamsikiliza Nadine.

Wakati huo Mama mwenyewe alikuwa shambani kwake, udongo umelowa, kikapu cha mbegu mkononi. Alifunika kikapu, akaweka jembe begani, akarudi nyumbani. Majirani walimwona, nao wakarudi. Jua likawaka wiki nzima. Mvua ya kweli ilikuja baadaye, ikazikuta mbegu salama.

Nadine alilia aliposimuliwa, nasi hatukumcheka.

Asante, Mama. Pumzika kwa furaha, na siku zako za ustaafu ziwe njema. Jumamosi washa simu: jogoo yupo, na sisi tupo.