Mheshimiwa Jantai Aliyekula Kila Mlango

Ndugu waombolezaji, mzee wa nyumba, na waheshimiwa mliokuja na miwani myeusi, haya yameandikwa na Temuyan, bibi mzaa baba wa marehemu, na yanasomwa na Lada, dada wa marehemu, kwa kuwa macho ya bibi yamechoka, ingawa mdomo bado mzima. Chama kimetuletea historia yake iliyochapwa vizuri, kurasa nne, tunashukuru, lakini humo marehemu hakuugua hata siku moja, sasa haijulikani leo tumekusanyika hapa kwa ajili gani.

Marehemu Edmund Jantai anak Mulok, yaani mwana wa Mulok, alizaliwa tarehe 14 Machi 1988, hapa hapa Rumah Nyambau, nyumba yetu hii ndefu ya baraza moja, mlango wa kumi na saba, na kwa kuwa wazazi wake walikuwa kambi ya magogo miezi tisa kwa mwaka, alilelewa na bibi yake, aliyemfundisha kuogelea, kupanda mpunga wa mlimani, na kusikiliza anapoambiwa jambo, na hilo la tatu halikuingia.

Alianza shule ya msingi ya bweni mwaka 1995, akamaliza mwaka 2000, akaendelea na sekondari mjini Kapit hadi mwaka 2007, kisha chuo kikuu Kuching, akapata shahada mwaka 2011. Mwaka huohuo aliajiriwa ofisi ya wilaya, akawa anawaandikia wazee barua za kuomba vitambulisho, kazi nzuri, ya kukaa kitini, chini ya feni, na tarehe 8 Septemba 2012 alifunga ndoa kanisani na Felicia Sulin, mwalimu, wakajaliwa watoto wawili, Gawing na Ensali, ambao wapo hapa na wanasikia.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Marehemu aliacha kazi mwaka 2015, akagombea kiti cha Ulu Engkelitau katika Bunge la Jimbo akiwa na miaka ishirini na minane, akapita nyumba zote za mto huu, na katika kila mlango akawekewa sahani na glasi ya tuak, pombe yetu ya mchele, kama ilivyo desturi. Sasa desturi yetu kila mtu anaijua, chakula ulichokaribishwa huwezi kukiacha bila kukigusa, utapatwa na mabaya njiani, lakini kugusa ni kidole, unagusa sahani, unajigusa koo, umemaliza, unakwenda zako, hivyo ndivyo bibi alivyomfundisha na hivyo ndivyo alivyofanya kila alipokwisha kushiba. Nyumba yetu ina milango thelathini na minane, kila mlango familia yake na jiko lake, angekula kote angepasuka.

Lakini Mama Ringkai, ambaye amekaa pale karibu na nguzo na hana haja ya kuinamisha kichwa, alisimama katikati ya baraza akasema, "Huyu mtoto kwa jirani yangu amekula vipande vitatu vya nguruwe, kwangu amegusa kidole. Haya, na mimi kura zangu nne nitazigusa kidole."

Watu wakacheka, bibi naye akacheka, na uchaguzi ulipofika marehemu akashindwa kwa kura tisa.

Tangu hapo hakugusa tena kwa kidole. Alikula, na alikula kila mlango, wali, nguruwe aliyepikwa ndani ya mianzi, keki za sukari zinazodondosha mafuta, tuak glasi kwa glasi, na kila mama akawa anajisifu kwamba mheshimiwa amemaliza sahani yake, na kila aliyesikia akaongeza sahani ya kwake. Mwezi wa Septemba 2019, bibi akiwa anamfulia nguo, alikuta vidonge vimekunjwa ndani ya soksi.

"Hivi vya nini?"

"Vitamini, Bibi."

"Vitamini gani mtu anazificha kwenye soksi? Hivi ni vya sukari. Umeanza lini?"

"Bibi, nyamaza mpaka uchaguzi upite. Mgonjwa hapigiwi kura."

"Na maiti anapigiwa?"

Akacheka, akambusu bibi kichwani, akaondoka na soksi zikiwa bado mbichi, na bibi akanyamaza kama alivyoombwa, na hilo ni kosa la bibi, halikuandikwa hapa ili aonewe huruma.

Mwezi wa Desemba 2021 alishinda kwa kura mia mbili na kumi. Aliyofanya mnayajua, maji ya bomba katika nyumba saba, bweni jipya la shule, na mtumbwi wa wauguzi unaopita kila mwezi kupima watu sukari, nao ulipozinduliwa muuguzi alimwomba mheshimiwa atoe kidole cha kwanza, apigwe picha, yeye akamsukuma mbele mzee wa nyumba, Nyambau, akasema, "Wakubwa kwanza." Mzee akapimwa, akakutwa mzima kama mti, watu wakapiga makofi, na mheshimiwa aliyeuleta mtumbwi akarudi bungeni Kuching hajapimwa.

Tarehe 1 Juni 2024, siku ya sherehe ya mavuno, alikanyaga msumari gatini, ukapenya kiatu, na hakusikia maumivu, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imekufa ganzi siku nyingi. Akapita nyumba kumi na moja kwa siku kumi na mbili na kidonda ndani ya buti, akila. Tarehe 13 akashikwa na homa, akashushwa kwa mtumbwi hadi Kapit, kisha Sibu hospitalini, tarehe 16 mguu ukakatwa chini ya goti, na tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa na miaka thelathini na sita. Siku moja kabla, alimwambia mkewe, "Nyumbani waambieni ni ajali. Msiseme sukari, watawasema watoto kwamba wamerithi."

Felicia alimletea bibi ombi hilo kama lilivyo, akilia, na bibi amekaa nalo siku tatu. Amelikataa. Mjukuu wake alikufa kwa sukari, si kwa msumari.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania mguu na kisha pumzi, waliopiga kasia mto ulipokuwa na kina kifupi, majirani wa milango yote mliopika na kuchonga jeneza, Mama Ringkai uliyemwosha marehemu kwa mikono yako, na wajumbe wenzake wa Bunge. Miongoni mwenu wapo watatu wanaokitaka kiti chake, uchaguzi ni ndani ya siku sitini, mtapita mlango huu, na mtakaribishwa.

Ila kabla jeneza halijanyanyuliwa, bibi ana neno. Vidonge vile alivitambua mara moja kwa sababu na yeye anavimeza, mwaka wa kumi na moja sasa, anavificha ndani ya kopo la majani ya chai, na katika nyumba hii hakuna aliyejua, hata mwanawe Mulok anasikia leo. Temuyan ana sukari. Limesemwa, na paa halijaanguka. Kwa hesabu ya muuguzi, humu barazani wenye sukari tupo si chini ya ishirini, kwa hiyo aliye nayo asimame watoto wa marehemu wamwone, na Lada aache kusoma mpaka wasimame, bibi anasubiri, hana haraka, na Jantai kwa mara ya kwanza maishani naye hana haraka.

Pumzika, mjukuu, kwa amani uliyoikosa kwa kutaka kila mtu aridhike.