Mikorosho ya Mama Kasimiri, Boko

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni Eufrazia Benedikto, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kasimiri.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1929 karibu na Ndanda, mtoto wa kwanza wa mzee Benedikto. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akatolewa ili atulee sisi wadogo zake. Na tulileleka, kwa sababu kwake kudeka hakukuwepo.

Mwaka 1948 alifunga ndoa na Alfonsi, mchonga vinyago. Wakahamia Dar es Salaam mwaka 1956, na baada ya Uhuru wakaja hapa Boko. Shemeji alichonga, marehemu akalima. Ardhi hawakuwa nayo, hivyo Mzee Mfaume, mwenyeji wa hapa, alimruhusu marehemu apande mikorosho kwenye ardhi yake. Desturi ya hapa mnaijua: ardhi ni ya mwenye ardhi, mti ni wa aliyeupanda. Kwa hiyo kila msimu, kabla hajauza hata korosho moja, marehemu alimpelekea mzee kikapu cha kwanza kuonyesha kwamba ardhi yake anaitambua.

Mwaka 1975, tukiwa tumeshakuwa kijiji cha ujamaa, serikali ilitoa ruzuku ya kupalilia mikorosho. Bwana shamba, mgeni huku, alimkuta marehemu anabisha hodi kwa Mzee Mfaume na kikapu kichwani, akaamua kuwa huyu ni kibarua kaleta mavuno ya tajiri wake. Ruzuku akamwandikia mzee. Na mzee akanyamaza, tusidanganyane. Anayepokea ruzuku ndiye aliyehesabiwa mwenye miti, kwa hiyo jasho lote la marehemu lilikuwa linaondoka hivyo hivyo.

Shemeji alimwambia, "Mama Kasimiri, sie watu wa kuja, tukae kwa adabu."

"Adabu ninayo," akajibu. "Na miti ninayo." Akaenda mkutano wa kijiji.

"Mama, kaa chini, wewe ni kibarua," bwana shamba akamwambia.

"Kibarua analipwa, baba. Muulize mzee kanilipa lini."

Watu wakacheka. Marehemu hakucheka. Akamgeukia Mzee Mfaume. "Shikamoo, mzee. Kile kikapu huwa unakipokea kama nini?"

Mzee alikohoa, akatazama chini. "Marahaba, mwanangu. Kama heshima ya ardhi. Miti ni yako."

Bwana shamba akataka sasa aandike jina la Alfonsi, eti ndiye mkuu wa kaya. Marehemu akabaki amesimama mbele ya meza yake mpaka likaandikwa Eufrazia.

Mwaka 1982 alianza kusumbuliwa na presha, miguu ikavimba. Alipalilia amekaa juu ya kigoda. Aprili mwaka huu, akiwa anashikwa mkono, alikwenda ofisi ya kijiji na binti yake Bernadeta, akaitoa miti kwenye jina lake akaiweka kwenye jina la binti. Alifariki nyumbani, asubuhi ya Jumanne tarehe 12 Juni 1984.

Ameacha mume, Alfonsi; watoto watatu, Kasimiri, Bernadeta na Romani; wajukuu, na sisi wadogo zake.

Tangu juzi tunasikia minong'ono pale jikoni kwamba binti aliyeolewa haachiwi miti. Mwenye neno hilo aliseme sasa, kaburi likiwa wazi na wazee wa kijiji wakisikia. Tukishamaliza kufukia, Bernadeta asisumbuliwe.

Mungu ampokee dada yetu, ampe pumziko la amani.